Pesa ya Kukaa Kitako

Jumatatu, 4 Agosti

Siku ya kuandikwa hii! Tajiri Talib, mwenye ghala la unga na mchele hapa Mkoani, amekubali kutulipa madereva kwa kusubiri. Miaka na miaka tumeoza kwenye foleni yake, gari tupu, jua utosini, wachukuzi wake wakipakia wanapojisikia. Wiki iliyopita tukagoma. Leo katoka mwenyewe na kanzu yake, kasimama mlangoni, katangaza: dereva atakayeadhiniwa adhuhuri hajapakiwa, atalipwa pesa ya kukaa. Akikutwa na alasiri, mara mbili. Tulishangilia. Mie nilishangilia kuliko wote, na nina sababu.

Gari ninayoendesha si yangu. Ni ya Bi Khairat wa Chake, mama yake mke wangu Mwatum. Nauli yote inakwenda kwake, mie napewa kifungu changu mwisho wa wiki, na nasaha nyingi bila malipo. Nikampigia simu haraka kumuuliza hii pesa mpya itakuwa ya nani. Alikuwa anakuna nazi, hakutaka maneno. Akasema pesa ya mtu kukaa kitako haina kazi kwake, nile mwenyewe. Nikamshukuru mpaka akaingiwa na wasiwasi.

Leo wachukuzi walikuwa wanashusha makontena, nikakutwa na alasiri bila hata kujitahidi. Nimelipwa nikiwa nimelala chini ya gari! Nimenunua mkate wa boflo na changu wa kukaanga. Mwatum kauliza pesa imetoka wapi. Nikamwambia nimelipwa kwa kukaa. Akasema kwa kipaji nilicho nacho, basi tungekuwa matajiri zamani.

Jumanne, 5 Agosti

Nimefikiri njia nzima kutoka Chake. Kwa nini niiachie bahati kazi yangu? Foleni haina haja ya kuwa ndefu. Inatosha mie niwe nyuma yake.

Nilifika wa tatu. Nyuma yangu alikuwa Mzee Nyange, dereva mkongwe kuliko sote, gari yake inakohoa na mwenyewe anakohoa. Nikashuka, nikamwamkia, nikamwambia apite mbele yangu, mtu mzima hasubirishwi juani. Kidogo alie. Akaniombea dua ndefu, nikawa naitikia amin huku natazama saa. Akaja mwengine, kaja kuchukua mchele wa arusi. Arusi! Pita, yakhe, wageni wasije wakakosa biriani kwa ajili yangu. Akaja mwengine hana chochote, ana haraka tu. Nikaona haraka nayo ni shida.

Alasiri ikanikuta wa mwisho, peke yangu, nakunywa kahawa. Ummi, karani wa ghala, kanihesabia pesa huku ananitazama kwa juu ya miwani. Kauliza kama naumwa. Nikamjibu kuwa huu ni ubinadamu.

Jioni simu ya Bi Khairat. Gari imekwenda safari ngapi leo? Nikasema alhamdulillahi. Akasema hakuuliza hali, kauliza safari. Ikabidi niseme moja. Halafu kanikumbusha kwamba Damian keshafika kwake kuiulizia gari ile. Akiona safari za wiki hii hazimridhishi, ufunguo atampa Damian, na mie shamba la muhogo la Vitongoji lipo, na jembe lipo.

Damian! Mtu wa bara, yuko Pemba tangu ujana wake, anaendesha gari mbovu ya watu ambayo mlango wake umefungwa kwa kamba. Ana tabia moja mbaya sana: anafika mapema na anafanya kazi.

Naipenda gari ile, nasema kweli. Nikishika usukani wake najiona mtu. Jembe silitaki hata kulitazama. Lakini pesa ya kukaa nayo ni tamu! Nitapata vyote viwili. Akili ninayo.

Jumatano, 6 Agosti

Wameniiga! Wote!

Asubuhi Ummi kaita gari ya kwanza. Dereva wa kwanza kamgeukia wa pili: tangulia wewe. Wa pili: aka, haiwi, tangulia wewe. Wa tatu kamshika wa nne mkono anamvuta mbele kama bwana arusi. Watu ambao kabla ya mgomo walikuwa wanavunjiana vioo kwa nafasi hiyo hiyo!

Kisha vikaanza viapo. Kwetu mtu akishakuapia kwa Mungu kwamba utatangulia wewe, basi. Ukikataa, umemvunjia kiapo chake, na hiyo si adabu. Kwa hiyo anayewahi kuapa ndiye anayebaki nyuma. Ikawa mbio. Mie niliapa kabla sijashuka garini. Mzee Nyange akaapa katikati ya kikohozi, tukabishana kama kimetimia au hakikutimia. Nikajipa moyo kwamba Damian ni Mkristo, mambo haya hayawezi. Wapi! Kakaa Pemba mno. Wallahi yake ni nyepesi kuliko yangu, na akishamaliza anaongeza na haki ya Mungu ya kwao. Yeye peke yake akawa na viapo viwili.

Mlango wa ghala wazi, gari hakuna hata moja. Wachukuzi wakalala juu ya magunia ya unga, wakaamka weupe. Tajiri Talib katoka kuuliza nani kafa. Alipoelezwa, alitutazama mmoja mmoja. Akasema kuanzia sasa atakayeitwa asiingie, pesa ya kukaa hana.

Masikini, nikaona dunia imefungwa. Lakini Mzee Nyange, Mungu amzidishie, akauliza: na mtu akimpisha mwenziwe mwenye shida ya kweli? Mgonjwa, au msiba? Tajiri Talib ni mcha Mungu. Akafikiri, akasema hapo hawezi kumwadhibu mtu kwa wema wake. Huyo atalipwa.

Sehemu hiyo niliisikia vizuri sana.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeshinda natafuta watu wenye shida. Kazi ngumu! Watu wa Mkoani wana afya isiyo na maana. Nimetembea foleni nzima nikiulizia hali za nyumbani, na kila mtu ananiambia wazima, wote wazima, alhamdulillahi. Nikabadili mtindo. Hata bibi hana kifua? Mmoja akakumbuka kwamba bibi yake anakohoa tangu mwezi wa Shaabani. Nikamwambia hiyo si ya kuchezea, pita upesi. Mwengine mbuzi wake hajarudi tangu juzi. Nikampa pole, nikampisha.

Kwa Damian nilisita. Kisha nikakumbuka mkewe Modester kajifungua, nikamwambia mwenye mzazi ndani hasubirishwi. Akanitazama, akacheka, akapita. Baadaye Ummi kaniambia mtoto huyo wa Modester yuko darasa la kwanza.

Pesa mara mbili tena! Lakini nimerudi na habari mbaya. Nyumba ya Bi Khairat iko barabarani, na baraza yake inaona kila gari inayopita Chake. Leo kamwona Damian akipita amepakia, akirudi mtupu, akipita amepakia tena. Mie kaniona mara moja, jua linatua, na anasema nilikuwa naimba. Kesho baada ya sala ananitaka kwake.

Ijumaa, 8 Agosti

Ghala limefungwa mapema. Nikasali msikiti wa karibu na bandari. Khatibu kazungumzia watu wanaowatanguliza wenzao mbele ya nafsi zao. Hakutaja jina. Lakini dereva mmoja kageuka kunitazama, na mchukuzi, kisha Mzee Nyange akanigusa goti. Nikatokwa na machozi. Ya kweli! Sikuwa najua kama mie ni mtu mzuri kiasi hiki.

Wema huo haukufika Chake. Bi Khairat alinikaribisha chakula kwanza, wali na mchuzi wa papa, akaningojea nishibe. Halafu akaomba ufunguo. Nikautoa. Akaufunga kwenye pindo la kanga yake, mbele ya macho yangu, fundo mara mbili. Akasema kesho asubuhi atanipa kwa siku moja tu. Gari ikienda safari mbili kamili kabla ya magharibi, niendelee nayo. Isipokwenda, Jumatatu anaendesha Damian. Akasema hana ugomvi na mie, mwanangu, lakini gari si kitanda.

Nilirudi kwa miguu. Nimeona uchungu hasa. Nikamuuliza Mwatum nifanye nini. Akasema nikiitwa, niingie. Mwanamke huyu ana mawazo ya ajabu.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimefika Mkoani kabla hata kahawa haijachemka. Wa kwanza! Nikaapa moyoni: leo sipishi mtu, hata akija na jeneza.

Ummi kabla hajafungua daftari lake, kaja dereva wa Wete. Kaniletea mandazi ya shukrani kwa kumpisha Jumanne, na akataja kwa upole kwamba leo ana mkwe anasafirishwa Unguja kwa matibabu. Nimekula andazi lake. Ningesema nini? Akapita. Akaja yule wa bibi. Bibi sasa hata miguu inamuuma. Akapita. Kila aliyefika alikuja moja kwa moja dirishani kwangu, tena kwa adabu, ameshika kifua: sheikh Abrahman, wewe ndiwe tunayekujua. Khutba ile imenimaliza! Watu wazima wananiita sheikh, wananiambia shida ambazo mtu humwambia daktari. Ningemkatalia nani, baada ya kulia msikitini mbele ya watu?

Jua likapanda. Nikabaki na Damian tu nyuma yangu. Nikasema huyu hanipati. Nikawasha gari.

Akaja mbio. Hakucheka leo. Mtoto wake ana homa tangu jana, Modester yuko naye hospitali ya Chake, na mzigo wake unakwenda huko huko. Nikazima gari. Nilijua nikimpisha, safari mbili hazipatikani, na Jumatatu atakaa kwenye kiti changu. Nikamwambia pita, ndugu yangu. Hii moja sikuipigia hesabu. Nilipoiona gari yake imeingia mlangoni, na ile kamba yake ya mlango inaning'inia, nikainamisha kichwa kwenye usukani nikauaga.

Kumbe Damian huko ndani, wakimpakia, kamwambia Tajiri Talib kila kitu alichoambiwa na Bi Khairat: kwamba yule pale nje leo ananyang'anywa gari akikosa safari mbili, na anayepewa ni yeye Damian, na bado kampisha. Tajiri katoka macho mekundu. Kanishika mkono mbele ya wachukuzi na madereva waliorudi kwa safari ya pili. Akatangaza kwamba mtu mwenye moyo huu hatasubiri tena kwake maishani. Kuanzia leo Abrahman anaingia akifika, hana foleni, na wachukuzi wanamwacha mwengine wanampakia yeye. Watu wakapiga makofi, Mzee Nyange akaomba dua.

Wamenipakia nikaona kizunguzungu. Vitongoji, nikarudi. Chokocho, nikarudi. Safari mbili, na magharibi bado! Bi Khairat kafungua tabasamu ambalo sijaliona tangu siku ya arusi yangu. Ufunguo wangu! Mtoto wa Damian naye homa imeshuka, nimepiga simu mwenyewe kuuliza. Nimelala na furaha.

Jumatatu, 11 Agosti

Leo ndiyo nimeelewa walichonifanyia.

Nimefika, nimeingia. Sikupata hata kushuka. Nimepeleka, nimerudi, nimeingia tena. Chini ya kivuli wenzangu wamejinyoosha, Damian kavua viatu, anakunywa kahawa, adhuhuri inaadhiniwa na pesa inaingia. Nikajaribu kumpisha Mzee Nyange. Wachukuzi wakakataa, wakasukuma gari yangu kwa mikono mpaka mlangoni. Nikamwendea Tajiri Talib, nikamwambia sistahiki, nirudishe foleni kama watu. Kasikia unyenyekevu ule, kalia tena.

Basi nimefanya kazi siku nzima kama mtu aliyelaaniwa. Bi Khairat kaniletea pweza wa nazi barabarani, kanisimamishia gari kunipa, na kuniambia sasa anaona ana mwana. Mwatum ananitazama kwa heshima, ananitia hofu. Na mie mwenyewe siwezi kusema sina raha. Upepo wa dirishani ni mzuri, na gari inakwenda.

Lakini njiani kuja Makangale, nikiwa na unga wa duka moja huku, nikapata fikra. Tajiri analipa kwa kusubiri kupakia. Je, kusubiri kushusha? Hakuna aliyeligusa jambo hilo! Uwanja mtupu, hauna hata mtu mmoja! Nilipofika nikamwambia mwenye duka asijihimize, mie sina haraka, afanye shughuli zake zote kwanza. Alifurahi sana. Kafunga duka, kachukua panga, kaingia shamba na wachukuzi wake wote.

Naandika haya nimekaa kitako mbele ya duka lake. Jua linashuka kwenye msitu wa Ngezi. Gari imejaa vile vile. Bi Khairat kapiga simu, nimeiacha ilie, nitamweleza vizuri nikishapanga maneno. Bado sijajua nani atanilipa. Lakini nimeshaanza kusubiri.