Mgodi wa Thuo Nyuma ya Jikoni

Nairobi nzima haikuwa na mtu aliyejua mawe kama Thuo. Muulize mwenyewe!

Kisa ni kwamba aliwahi kuosha sufuria msimu mmoja kwenye kambi ya wachimbuaji wa mifupa ya kale, huko kaskazini. Alirudi na vitu viwili: kofia ya turubai na mazoea ya kulamba mawe. Aliwaona wataalamu wakigusisha kipande ulimini ili wajue kama ni jiwe tupu au mfupa uliogeuka jiwe. Basi mtaa wake wa Makadara ukalambwa! Akalamba kokoto za barabarani, akalamba hata ukuta wa jirani yake, Salad, na kutangaza kwamba ni jivu la volkano.

"Lamba polepole, Profesa," Salad akamwambia. "Hiyo nyumba nimepanga tu."

Lakini kilichoweka unga mezani si ulimi. Thuo alikuwa mpakiaji wa sabuni kiwandani, na mkewe Nduta, ambaye mtaa ulimwita Mama Kabiru, aliijua thamani ya kazi hiyo, maana alikuwa na mimba kubwa ya mtoto wa pili.

Na mimba yenyewe, jamani, ilitaka mawe! Yale laini ya kula, yenye rangi ya chai ya maziwa, ambayo Mbithe huwauzia wajawazito sokoni. Nduta akisikia tu harufu yake, kama vumbi lililonyeshewa, mate yanamjaa. Thuo alikuwa amepiga marufuku.

"Mke wa mtaalamu wa mawe hali mawe! Nikikukuta tena, nakupeleka kwa mama yangu kule Murang'a mpaka ujifungue."

Nduta alimjua mama mkwe. Asubuhi uji, mchana uji, jioni mawaidha. Kwa hiyo aliyafukia mawe yake nyuma ya jikoni, chini ya sukumawiki. Thuo akienda kazini, yeye anafukua lake moja, analipangusa kwa leso na kulitafuna kwa raha zake.

Jumapili moja Thuo akashika jembe ili apande vitunguu.

"Nduta! Njoo mbio!"

Nduta akaja mbio. Thuo alikuwa amepiga magoti, macho ameyafumba, jiwe limening'inia ulimini. Akalibandua.

"Linanata! Haya ni madini! Tazama: juu ni udongo mweusi, chini yake ilipaswa kuja murram, ule udongo mwekundu wa changarawe, halafu jiwe gumu la volkano. Sasa tabaka hili limetoka wapi?"

Nduta alijua limetoka wapi. Limetoka kwa Mbithe.

"Baba Kabiru, mimi nadhani..."

"Usidhani! Kudhani ni kazi ya wataalamu. Kesho nakwenda ofisi ya madini. Ijumaa wakija kuthibitisha, siku hiyohiyo nawarudishia wenye kiwanda ovaroli yao. Nimepakia sabuni ya kutosha!"

Nduta akaingiwa na hofu ya kweli. Kazi ikienda, mtoto atazaliwa avalishwe nini, kofia ya turubai? Akisema, ni Murang'a. Akinyamaza, ni njaa. Na hofu, kama mjuavyo, huzidisha hamu. Akafukua moja. Kesho yake, mawili.

Jumatano Thuo alishika kichwa. "Mgodi unapungua! Ni Salad huyo!" Akazungushia uzio wa mabati. "Nduta, wewe ndiye mlinzi. Usibanduke hapa!"

Loo! Mlinzi akalinda kwa meno yote.

Ijumaa Thuo alivaa suti ya harusi. Ovaroli ilikuwa imefungwa kwenye gazeti, tayari kutupiwa msimamizi. Mtaalamu akafika: Bi Khalayi, mwanamke mwenye nyundo mkononi na tumbo lililomtangulia. Nusu ya mtaa ikaja kutazama.

"Wezi wamemaliza," Thuo akasema, akimkabidhi jiwe la mwisho kwa mikono miwili. "Lakini hata hili moja litatosha."

Bi Khalayi akaligeuza. Akalinusa. Akafumba macho, akaling'ata, krap! Akatafuna. Akaling'ata tena, mpaka mgodi ukaisha.

"Mheshimiwa," Thuo akanong'ona, "ni... ni madini gani?"

"Ni ya Mbithe wa sokoni." Bi Khalayi akapangusa midomo. "Tangu nishike mimba ndicho chakula changu, siwezi kuyakosea. Nani kayafukia hapa?"

"Ni yangu," Nduta akasema, kabla woga haujamrudia. "Nipeleke Murang'a ukitaka, Baba Kabiru, lakini hiyo ovaroli usimrudishie mtu!"

"Murang'a, kwa kula mawe?" Bi Khalayi akashangaa. "Basi tupeleke wote wawili!"

Mtaa ukaangua kicheko. Salad alicheka mpaka akauegemea ule ukuta wake wa volkano.

Thuo akaingia ndani. Alipotoka, suti haikuwepo. Ovaroli ilikuwa mwilini, na makunyanzi ya gazeti bado yako mgongoni. Akapita katikati ya watu akitazama viatu vyake.

"Profesa!" Bi Khalayi akamwita. "Ukitoka kazini, mpitie Mbithe. Tuletee ya watu wawili!"

"Na njiani," Nduta akadakia, "usiyalambe!"