Friji la Pasikali na Jiko la Kezia

Asubuhi hiyo redio ya Abdalah ilitangaza jambo lililofanya vikombe visimame njiani kuelekea midomoni. Ng'ambo huko, mtu mmoja alikishtaki kiwanda baada ya mashine yake ya kufulia kushika moto na kumteketezea sebule, na kiwanda kimelipa. Kimelipa na barua ya kuomba radhi juu. Abdalah, muuza kahawa wa njia panda ya kwenda Heru Juu, hapa Kasulu, akapunguza sauti ya redio, na mabenchi yote mawili yakageuka kumtazama Pasikali.

Pasikali akajifanya anapuliza kahawa iliyokwisha kupoa. Alijua zamu yake imefika. Tangu friji lake lishike moto na kumchomea nyumba, mwezi mmoja uliopita, hakuna habari ya moto, ya umeme wala ya barafu iliyopita kijiweni bila kumpitia yeye kwanza. Hata jina walishambadilisha. Alikuwa Baba Dorcas, mtu wa heshima zake, sasa anaitwa Mzee Friji mpaka na watu wa bodaboda.

"Umesikia, Mzee Friji?" Tharsisi akaanza. "Wenzako wanalipwa na kuombwa radhi. Wewe umekaa tu."

"Sijakaa. Nimeandika barua tatu."

"Kwa wino gani?"

"Wa bluu."

"Ndiyo maana."

Huyu Tharsisi wanamwita Vifungu. Aliwahi kukaa kwenye baraza la kata mwaka mmoja na nusu, akatoka huko na mkoba wa plastiki pamoja na uwezo wa kutaja kifungu cha sheria kwa jambo lolote, hata kikohozi. Hivyo vifungu hakuna aliyewahi kuviona vimeandikwa mahali, lakini alivitaja kwa sauti nzito kiasi kwamba kumbishia ilikuwa kazi.

Aliyembishia siku zote alikuwa Makarius, jina la kijiweni Mita. Umeme ulipokuwa unaletwa upande wa kwao alipata kibarua cha kuchimba mashimo ya nguzo, na tangu siku hiyo anajihesabu fundi umeme. Yeye alikuwa na maelezo yake ya kitaalamu kuhusu ule moto, na aliyarudia hata pasipokuwa na aliyeyaomba.

"Lile friji lilitengenezwa kwa ajili ya watu wenye nyama," akasema. "Wewe ukaliwekea majani ya sombe na maji ya kunywa. Mashine ikikaa bila kazi ya maana inachanganyikiwa, Mzee Friji. Ikaamua kujipasha moto."

Watu wakacheka. Pasikali naye akacheka kidogo, kwa sababu asiyecheka kijiweni huongezewa dozi. Moyoni hakuwa na cha kumchekesha.

Ukweli wenyewe ulikuwa mfupi. Friji alilinunua duka moja la mjini, jipya, na karatasi ya dhamana ya mwaka mzima. Mwezi wa tano tangu alinunue, likaanza kunguruma kwa nyuma. Akaenda kuwaambia, wakamjibu kwamba friji likinguruma ujue linafanya kazi. Wiki iliyofuata, saa nne asubuhi, yeye akiwa sokoni na Kezia mkewe akiwa shambani anang'oa maharage, friji likawaka. Likachukua dari, mabati ya sebuleni, makochi na picha ya harusi.

Duka likasema litatuma mtu kukagua. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibiwa na watu hawa hawa waliokuwa wanamcheka.

Maana mtu akiunguliwa, majirani hawakai kusubiri mkaguzi. Kesho yake alfajiri walifika kwa makundi. Nduwayezu, mnunuzi wa maharage ambaye wazazi wake walitokea Burundi, aliwapanga watu kama kwenye ikibiri za kwao, ule utaratibu wa kijiji kizima kulivamia shamba la mtu mmoja na kulimaliza kwa siku. Mwenye bati akaleta bati, mwenye misumari akaleta misumari, wanawake wakapika. Siku ya pili jioni nyumba ilikuwa imeezekwa, imepigwa lipu na kupakwa chokaa, inapendeza kuliko ilivyokuwa kabla ya moto. Pasikali alilia mbele za watu, na haoni aibu kusema hivyo.

Siku ya nne mkaguzi akafika. Kijana mtanashati anaitwa Raymond, ana kishikwambi na viatu vilivyochongoka. Akaizunguka nyumba mara mbili, akauliza uharibifu uko wapi. Nduwayezu akamjibu kwa fahari kwamba uharibifu walishaumaliza.

Akaomba kuliona friji. Nalo lilishagawanwa. Pasikali mwenyewe ndiye aliyesema walitoe mbele ya macho yake, basi Makarius akabeba bodi, kuku wake wanatagia humo. Trei za waya Abdalah anachomea mahindi. Mlango ulikwenda kwa mtu wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ameulaza, anauzia dagaa juu yake. Raymond akaandika muda mrefu. Mwisho akauliza swali moja, kwa upole kabisa: je, nyumba hii inatumia jiko la mkaa?

Pasikali akasema ndiyo. Alijibu kama ambavyo angejibu akiulizwa kama nyumba ina mlango.

Baada ya wiki mbili jibu likaja kupitia ofisi ya mtaa, likasomwa kwa sauti mbele ya watu waliokuja kufuata shida zao. Chanzo cha moto: jiko la mkaa lililoachwa bila uangalizi. Kufika jioni mji mzima ulijua kwamba Kezia ndiye aliyechoma nyumba ya mumewe. Jumapili wakamwondoa kwenye kamati ya chakula kanisani, yeye aliyepikia wageni wa kanisa miaka tisa. Wakamwambia apumzike kidogo. Tangu siku hiyo Kezia anapikia nje, hatua ishirini kutoka ukutani, na akimaliza anamwagia makaa maji mara tatu, halafu anasimama kuyatazama. Halalamiki. Pasikali angependa alalamike. Bati mtu ataazima kwa jirani, lakini yale makaa yaliyomwagiwa maji mara tatu yalimuuma kuliko nyumba yenyewe.

"Kosa ni lenu," Tharsisi alikuwa anawaambia wenzake. "Mmeharibu ushahidi. Kuna kifungu kinakataza kabisa kupaka chokaa eneo la tukio."

"Si wewe uliyeshika brashi?" Nduwayezu akamuuliza.

"Nilishika kama jirani. Sikushika kama mwanasheria."

Kabla hawajamaliza hilo, guta likaja likipiga honi na kusimama mbele ya mabenchi. Nyuma limebeba boksi refu limefungwa kamba, na pembeni ya dereva kakaa Raymond, viatu vimejaa vumbi jekundu.

"Mwakeye," akasalimia, salamu ya Kiha aliyofundishwa njiani.

Wakaitikia. Raymond akashuka, akaeleza kwamba alikuwa njiani kuelekea nyumbani kwa mzee, bahati nzuri amemkuta hapa. Bosi wa duka ameguswa sana na tukio. Ingawa duka halina kosa lolote, kwa ubinadamu wake ameamua kumpa mteja wake friji jipya, aina ile ile. Mzee asaini hapa tu, jambo liishe.

Kijiwe kikachangamka kama kimepigwa shoti. Makarius akawa wa kwanza kulipapasa boksi. Abdalah akasema atakuwa analeta soda zake zikapoe huko, kwa ujirani. Nduwayezu akashauri Pasikali asaini upesi kabla bosi hajabadili mawazo. Tharsisi akaitwaa karatasi, akavaa miwani, akaisoma kwa sauti ya baraza, mpaka akafika mahali panaposema mteja anakubali kwamba moto ulitokana na jiko la mkaa la mkewe, wala hatadai kitu kingine chochote. Hapo akashusha sauti.

"Hako kamstari ni kadogo tu," Raymond akasema.

"Kadogo kabisa," Makarius akaunga mkono, mkono ukiwa bado juu ya boksi. "Na watu walishasahau, Mzee Friji. Saini."

Pasikali akashika kalamu. Tuseme kweli, alitamani. Mtu aliyeunguliwa na kila kitu, ukimletea friji jipya mpaka kijiweni, kalamu hujisogeza yenyewe. Akaweka ncha kwenye karatasi, akamwona mkewe akilini anamwagia makaa maji, akaondoa kalamu.

"Siwezi kusainia jiko la mtu mwenyewe hayupo," akasema, akatoa simu.

Kezia alikuwa sokoni, si mbali. Akaja na debe la maharage kichwani, na nyuma yake wakaja wanawake wa sokoni ambao hakuna aliyewaita. Akatua debe, akasalimia wote, akaomba asomewe karatasi. Tharsisi akaisoma. Mara hii kale kamstari hakakuwa kadogo, maana watu wapatao thelathini walikuwa wakikasikiliza.

"Kaka," Kezia akamwambia Raymond, bila kupandisha sauti, "mimi shule nilisoma kidogo, unieleweshe. Mnasema jiko langu ndilo lililochoma nyumba."

"Ndiyo, mama. Kwa mujibu wa uchunguzi."

"Na friji lenu halikuwa na kosa."

"Hata kidogo."

"Sasa mbona mmeniletea friji? Mngeniletea jiko."

Mwanamke mmoja wa sokoni akaangua kicheko, na watu wote wakamfuata, hata dereva wa guta. Raymond akatazama karatasi yake kana kwamba jibu limeandikwa nyuma. Mwishowe akampigia bosi, na kwa haraka akabonyeza vibaya, simu ikaita kwa spika.

"Wamesaini?" bosi akauliza.

"Bado, bosi. Kuna swali."

Akalirudia swali neno kwa neno. Bosi alikuwa anasikia watu wanavyocheka, na bila shaka alikuwa anapiga hesabu ni wangapi kati yao watakuja tena dukani kwake.

"Nani kauliza hivyo?" akasema hatimaye. "Wamepata wakili?"

Tharsisi akakohoa, akaunyoosha mkoba wake magotini.

"Mwambie ni mke wangu," Pasikali akasema.

Simu ikaguna. Bosi akaagiza kale kamstari kafutwe. Raymond akauliza aandike nini badala yake, bosi akasema andika unachotaka, mimi nina wateja hapa. Raymond akakata kamstari, akaandika kwa mkono wake kwamba moto ulitokana na hitilafu ya friji, akapiga muhuri wa duka. Tharsisi akasoma kwa sauti mara mbili, ya pili hakuombwa.

Pasikali akasaini. Makarius akaanza kulegeza kamba za boksi.

"Hilo liache, shemeji," Kezia akamwambia. "Lirudi kwa bosi, aliwashe kwake kwanza. Sisi atuletee mabati ya watu waliotuezekea."

Akainama, akajitwika debe lake, akarudi sokoni na wanawake wake. Guta likageuza na boksi lake, na kijiwe kikaanza kutawanyika, kila mtu akiwahi kuwa wa kwanza kuisimulia hadithi kwao. Pasikali, mkononi na karatasi aliyoachiwa na Raymond, akamshika Tharsisi mkono, akamwuliza pale mjini wanatoa wapi nakala.

"Kuna pale karibu na stendi. Unataka ngapi?"

"Mbili. Moja ya ofisi ya mtaa, waisome vilevile kwa sauti. Nyingine ya kamati ya chakula."