Guilin, Januari Hadi Machi

Leo nimeadhirika. Tena kwenye skrini ya inchi sitini na tano, mbele ya watu kumi na watatu wenye Biblia mapajani.

Naandika mwenyewe kabla hamjaisikia kwa Mama Pendo, maana kwake itatoka na chumvi.

Kwa wasionijua: naitwa Deo, mtu wa Morogoro, na kazi yangu ni kumtunza Mzee Lin, miaka themanini na mitano, hapa Annandale, huku ughaibuni. Mzee kazaliwa Guilin, kusini mwa China, mji ambao vilima vyake vinachomoza tu kutoka ardhini kando ya mto, kama vichuguu. Watu wa huko wamevichora na kuvitungia mashairi tangu enzi na enzi. Na Mzee kanisimulia habari zake kila asubuhi kwa miaka mitatu. Vilima vile navijua kwa majina kuliko wajomba zangu.

Mwezi uliopita binti yake akaamua: Baba aende akaione Guilin kwa mara ya mwisho, na Deo amsindikize. Mimi! Basi nikatangaza, na sikutangaza kidogo. Tuna ibada yetu ya Kiswahili kila Jumapili nyumbani kwa Baba na Mama Pendo kule Woodbridge, chini kwenye besimenti. Nilisimama wakati wa ushuhuda nikaongea dakika ishirini. Nikawafundisha kula kwa vijiti. Nikawasahihisha wanavyotamka jina la mji (nikilitamka mimi, Mzee hucheka mpaka akohoe). Jumapili iliyopita wakaniaga rasmi. Wakaniwekea mikono kichwani, wakaiombea ndege, wakamwombea na rubani.

Na Consolata akanipa sweta.

Hapa niwaeleze vizuri, maana kesi yote ni Consolata. Ni dada wa Uvira, anafanya kazi ya kufua mashuka hospitalini, anaishi kwa baba yake mdogo Oxon Hill. Nimemfuatilia mwaka mzima. Mwanaume aliyenitangulia alimwambia hana mke, kumbe anao wawili. Kwa hiyo mimi nilipojitokeza aliniambia mapema: "Deo, mi sitafute mutu tajiri. Natafuta mutu mwenye hadanganye." Nikasema huyo ndiye mimi. Tukakubaliana kwamba nikirudi kutoka China, mwezi wa kumi na moja, Baba Pendo ambaye ni mshenga wangu atapeleka barua ya posa Oxon Hill. Siku ya kuniaga Consolata akanikabidhi sweta aliyoifuma mwenyewe, akaomba kitu kimoja tu: nikifika, nimwambie.

Jumatatu daktari akampima Mzee presha, akapima tena, akakunja uso. Huyu hapandi ndege, akasema. Safari ikafa hapo hapo.  Mzee alirudi nyumbani akakaa mbele ya picha kubwa ya Guilin, ile ambayo binti yake amembandikia ukuta mzima wa sebule, akakaa hapo mpaka chai ikapoa. Tangu siku hiyo amekuwa akinijibu kwa kichwa tu.

Mtu mwenye akili timamu angetuma ujumbe mmoja kwenye grupu la ibada: jamani, safari imevunjika. Mimi nikaona aibu. Mikono yote ile kichwani! Rubani kaombewa bure! Nikajiambia siku kumi za safari si nyingi, nalala hapa hapa kazini, sitoki nje, halafu "narudi". Jumatano Consolata akauliza. Nikamwandikia: Nimefika salama. (Nilikuwa nimefika jikoni.)

Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa dakika ishirini na tano, Annandale mpaka Woodbridge, kama barabara haina foleni.

Grupu likataka picha. Sasa jikoni kwa Mzee kuna kalenda ya ukutani, zile za bure ambazo lile duka la Waasia tunalonunua samaki na bamia huwapa wateja ikikaribia mwaka mpya wa Kichina. Na kalenda ya mwaka huu kila mwezi ni picha ya Guilin. Nikapiga picha Januari, nikazikata tarehe chini, nikatuma. Kilima kama tembo anakunywa maji mtoni. Grupu likawaka. Alhamisi nikatuma mashamba ya mpunga yaliyopangwa ngazi ngazi. Ijumaa nikatuma mvuvi na ndege wake juu ya mtumbwi wa mianzi. Mama Pendo akaandika, "Mungu wa Deo, nikumbuke na mimi." Nikamjibu kwa unyenyekevu mkubwa.

Jana Baba Pendo akatuma ujumbe: kesho baada ya mahubiri tutakupigia simu ya video, uwasalimie watakatifu kutoka China. Ningekataaje? Mshenga wangu yule.

Basi leo nikajiandaa kuliko bwana harusi. Saa sita na nusu nikamlaza Mzee usingizi wake wa mchana. Nikavuta kiti mbele ya ule ukuta wa picha: mto, vilima, jua linawaka. Nikasogeza na chungu chenye mmea wa mianzi pembeni ili mambo yakolee. Nikavaa sweta ya Consolata. Nikajitazama kwenye simu, nikaridhika mno na nafsi yangu (hiyo ndiyo ilikuwa dalili).

Saa saba kamili simu ikaita. Nikawaona wote kwenye besimenti, wamejipanga na nguo zao za Jumapili. Nikasema Bwana asifiwe kutoka Guilin. Makofi! Consolata alikuwa kiti cha nyuma. Alipoiona sweta akaangalia chini akatabasamu, na mimi pale pale nikanogewa. Nikasema hewa ya huku ni nyepesi. Nikasema asubuhi nimepanda boti. Nikasema Mzee ameonana na jirani yake wa utotoni wakalia wote wawili. Jamani, hata sikuulizwa! Yalikuwa yanatoka yenyewe.

Baba Pendo akainamisha shingo kidogo. Huyu baba ana mdogo wake anayefanya biashara ya simu Guangzhou, China hiyo hiyo, na wanaongea kila siku ya Mungu. Hilo nililijua. Sikulikumbuka. Akaniuliza kwa upole kabisa huko kwangu ni saa ngapi. Nikamjibu kwa kujiamini, saa saba mchana, baba, kama hapo.

"Kama hapa?"

"Eeh, baba."

Baba Pendo akatazama saa yake.

"Mdogo wangu nimeachana naye sasa hivi anaenda kulala," akasema. "Huko ni saa saba usiku, Deo. Hilo jua nyuma yako ni la nani?"

Nikapanik. Nikasema Guilin ni mji wa milima, jua lake huchelewa kuzama. (Nilisema hivyo. Kwa mdomo wangu. Nimesoma mpaka kidato cha sita.)

Mama Pendo akainuka akapanda jikoni. Nikamshukuru Mungu, nikadhani anaenda kutazama pilau, labda na wengine watakumbuka njaa. Akarudi na kalenda. Akaisogeza kwenye kamera mpaka sikuona kitu kingine, na akaanza kufunua taratibu, analamba kidole.

"Jumatano ulitutumia Januari," akasema. "Alhamisi, Februari. Ijumaa, Machi. Jana ukapumzika. Sasa ndugu yetu, kesho tungoje Aprili, au utaruka?"

Walicheka, jamani. Walicheka mpaka mtu akadondosha Biblia. Na hapo ndipo nilipokumbuka kalenda zile walizipata kwa nani. Kwangu! Mwanzoni mwa mwaka nilichukua nane pale dukani, kwa sababu ni za bure na mimi cha bure sikiachi, nikazigawa kwenye ibada kila nyumba moja. Niliwagawia ushahidi miezi tisa kabla ya kosa.

Nikamtafuta Consolata kwenye skrini. Hakuwa anacheka. Alikuwa anaitazama ile sweta.

Nikafungua mdomo niseme kitu, mlango wa chumbani ukafunguka. Kelele zilikuwa zimemwamsha Mzee. Akatoka na singlendi yake na soksi mguu mmoja, akaiona simu, akaona watu wamejaa ndani wanacheka. Huyu mzee aliyekuwa amenuna tangu Jumatatu! Sasa mimi nimemfundisha Kiswahili kidogo: karibuni, asante, marahaba. Miaka mitatu nafundisha, hajawahi kupata wa kumwambia. Akaniegemea begani, akauweka uso wake wote kwenye kamera, akatoa sauti ambayo sijaisikia wiki nzima:

"Karibuni Annandale!"

Nikakata simu. Nimechelewa.

Na nyie mnawajua watu wetu. Mzee mwenye nyumba akishasema karibuni, imeshasemwa, haikataliwi. Halafu chakula cha baada ya ibada kilikuwa kimeshaiva, kilichobaki ni kukibeba. Hazikupita dakika arobaini, kengele ikalia. Watu kumi na watatu mlangoni, sufuria la pilau, na nyungu ya sombe, kisamvu cha kina Consolata, imefungwa taulo isimwagike garini. Nikampigia binti yake Mzee, maana hapa ndipo ninapolia ugali. Nikamwambia ukweli wote, kuanzia Januari. Alicheka muda mrefu. Akasema waingie, ila wavue viatu.

Viatu vikajaa mlangoni kama msikitini. Wakapita mmoja mmoja wakimpa Mzee shikamoo, na Mzee akawa anaitikia marahaba, marahaba, kidevu juu, hakukosea hata moja. Sombe akaila kwa vijiti. Kisha akasimama mbele ya ule ukuta wake akaanza kuwatajia vilima kwa majina, mimi natafsiri, na watu wanauliza maswali ya maana ambayo mimi kwa miaka mitatu sijawahi kuuliza. Baba Pendo akamwuliza nyumba ya kwao ilikuwa wapi. Mzee akaweka kidole pale mto unapokata kona, akakiacha hapo kitambo. Halafu akacheka, akaomba aongezewe pilau.

Mimi niliwaomba radhi wote, nimesimama, kama mtoto wa shule. Baba Pendo akasema amenisikia, na kwamba yeye kama mshenga atahitaji muda wa kutafuta maneno ya kunisifia. Nikakimbilia kwenye sinki.

Consolata akanifuata jikoni. Hakuniangalia. Akaitoa kalenda ya Mzee kwenye msumari.

"Bon. Barua ilikuwa ya mwezi gani?"

"Wa kumi na moja."

Akafunua Novemba, akaitazama picha. Akafunua Desemba. Akafika kwenye gamba la nyuma, ambapo hakuna kitu isipokuwa namba ya simu ya duka.

"Haiko humu," akasema. "Utangoja kalenda mupya."

Nikaanza kujitetea, kwamba niliona aibu kwa ajili ya maombi yao. Akaniambia maombi hayaishi, wangeomba tena. Halafu ndipo akaniangalia. "Ile siku uliandika umefika, nililala vizuri," akasema. "Juu ya neno yako."

Ndugu zangu, besimenti nzima ilicheka na sikuumia hivyo. Nikamwambia nisamehe. Sikuongeza neno, na wanaonijua wanajua kwangu hiyo ni kazi ngumu kuliko kubeba mgonjwa. Akasema kuanzia leo, kila siku, nimtumie picha ya mahali nilipo. Hapo hapo nilipo, nisikate chochote chini. Nikamwuliza kama nimrudishie sweta. Akasema nibaki nayo, hata Annandale kuna baridi.

Wameondoka sasa hivi. Mzee amelala, na kabla ya kulala ameniuliza kama Jumapili ijayo watakuja tena. Mimi niko kwenye sinki bado. Nimemtumia Consolata picha ya kwanza: masufuria, mapovu, na mkono wangu. Amejibu baada ya dakika mbili kwamba ile nyungu ya sombe haijasuguliwa vizuri chini.

Basi, chekeni, ila polepole, maana simu yangu inasikia. Ombi langu ni moja tu. Mwaka mpya wa Wachina ukikaribia, mkienda kununua samaki pale dukani, tafadhalini msizimalize. Niachieni kalenda moja.