Ukuta Wangu wa Lyamkena

Jamani, leo nimeaibika mpaka masikio yamewaka moto.

Enoki ni jirani yangu hapa Lyamkena, Makambako. Mwaka jana alijenga nyumba ya kupangisha, vyumba viwili, bati juu. Madereva wa malori wanavigombania. Tangu hapo anatembea mikono nyuma kama Bwana Shauri anayekagua wilaya! (Sina wivu. Nilikuwa tu sipati usingizi.)

Basi nikatoa akiba yangu yote ya kuchuna magome ya miwati kule Njombe. Ilitosha chumba kimoja. Lakini Enoki ana viwili! Nikachukua fito za chumba kimoja, nikazigawa kwa viwili.

Mke wangu akauliza, "Baba Yosia, mbona fito ziko mbalimbali hivi?"

"Udongo utaziba," nikamjibu.

Ukaziba. Nikapaka chokaa. Ikapendeza!

Jana nikasikia kuna karani kahamishiwa Makambako, anatafuta chumba, na Enoki keshamwahidi. Roho ikaniuma! Kwa manyunyu haya udongo ulikuwa bado mbichi, lakini leo asubuhi nikamwahi karani sokoni, nikamleta kwangu.

Majirani wakafuata kutazama. Enoki naye akaja, akapitiliza hadi chumba cha pili kuchunguza (nani alimwalika?).

Karani akauliza, "Ukuta huu ni imara?"

"Imara?" nikapaza sauti, Enoki asikie. "Bwana karani, hii si kama nyumba za watu wengine!"

Nikauchapa ukuta kofi la nguvu.

Mkono ukazama. Hadi begani! Navuta, hautoki. Fito zimenibana. Mara, upande wa pili, nikahisi vidole vinashika vyangu na kuvitikisa kwa adabu zote.

"Kamwene, jirani," ikasema sauti ya Enoki. "Karibu chumbani."

Karani alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Kisha akamuuliza Enoki kama kile chumba chake bado kipo.

Na aliyenichomoa nani? Enoki huyohuyo! Alikata fito kwa panga, taratibu asinijeruhi, akanifuta udongo usoni kwa leso yake mwenyewe. Hata kumchukia vizuri kaninyima.

Naomba msicheke. Au mkishindwa, chekeni polepole: kuta zilizobaki bado mbichi.