Mstari Kwenye Mguu wa Cindy

Jumatatu, 5 Mei 2025

Nyevu,

Mtoto wako ameumwa na mdudu. Shavu la mguu, upande wa nyuma. Mdudu gani, hajui. Anasema alikuwa na kelele kama mama Mueni.

Mueni huyohuyo, jirani wa mlango wa pili, ameshatangaza ploti nzima kwamba nimpeleke mtoto hospitali. Kila mtu daktari! Nimekasirika. Ijumaa anakuja mamako. Tulipotoka kukuzika alisema mbele ya watu kwamba siku akimkuta Cindy na kasoro, anamchukua akakae naye Jomvu. Kwake hata kucha ndefu ni kasoro.

Cindy hachukuliwi. Basi.

Ungekuwepo ungeweka shavu lako kwenye paji lake, ukajua. Mimi sina shavu la namna hiyo.

Jumanne

Zahanati, kimyakimya. Tulipita nyuma ya kanisa ili Mueni asituone. Mueni alikuwa kwenye foleni! Ana kikohozi. Alicheka mpaka kikampanda.

Nesi, binti anaitwa Mercyline, alimtazama uso na midomo, akasikiliza pumzi. Akasema uso ungevimba au pumzi ingembana, hiyo ni ya kukimbia papo hapo. Hii tungoje. Kitambaa cha maji baridi, kucha zikatwe asijikune. Akachora mstari wa kalamu kuuzunguka uvimbe. Ukivuka mstari, au homa ikipanda, nimrudishe siku hiyohiyo.

Nikamwambia mimi ni fundi cherehani, mistari ndiyo kazi yangu. Akasema vizuri.

Jumatano

Mstari umefifia kwa kuogeshwa. Na ulikuwa mstari gani ule! Umepinda kama umechorwa na mlevi. Nimechora wangu, safi, pembeni mwa uvimbe ulipofika leo. Mteja akinenepa, fundi anasogeza mstari. Uvimbe umo ndani. Sawasawa.

Mueni akasema mguu umekuwa andazi. Nikamwambia mstari haujavukwa, aende akanywe dawa ya kikohozi. Akasema, haya Baba Cindy, shona mguu basi.

Mwanamke yule!

Alhamisi

Nimechora tena. Umo ndani! Nimemshonea Cindy sketi ndefu kwa kile kitambaa chako cha maua ya zambarau, ulichokilaza chini ya godoro ukingoja sikukuu. Mkasi ulinigomea kidogo. Sketi inafika kifundoni. Mamako hataona kitu.

Cindy amekataa mahamri. Anasema mguu unachoma kama pasi. Nikamwambia mtoto wa fundi haogopi pasi. Hakucheka. Nikamkasirikia. Kisha nikakukasirikia wewe, kwa kuondoka.

Ijumaa

Mamako alifika asubuhi. Shikamoo yangu ikabaki hewani. Alikwenda moja kwa moja kwa Cindy pale barazani, akaweka shavu lake kwenye paji la mtoto. Shavu lako, Nyevu! Kumbe lilitoka kwake.

Homa. Akainua sketi. Mistari mitatu, mmoja ndani ya mwingine, na mguu umevimba unang'aa.

Akauliza haya ni mapambo gani. Nikamweleza kwamba uvimbe haujavuka hata siku moja. Akauliza utavukaje, nami kila asubuhi naufungulia mlango. Mueni, nyuma yangu, akasema amina.

Nilimbeba Cindy nikakimbia, mamako nyuma akinitukana kwa Kigiriama njia nzima. Mercyline aliiona mistari, akakaa chini. Vijidudu vimeingia, akasema, ila tumewahi. Sindano, na dawa ya kunywa mpaka iishe. Akachora mstari mpya. Baba, akaniambia, huu usiguswe.

Nje nikamwambia mamako amchukue mtoto. Nilisema mwenyewe. Sauti haikuwa yangu.

Akanitazama sana. Akasema hamchukui, mtoto ameshapoteza mmoja, inatosha. Anahamia yeye.

Nikapumua. Kwa mila zetu mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe, na mamako hachezi na mila. Kumbe Mueni ana kitanda cha ziada! Wako huko sasa, mlango wa pili, wote wawili. Nawasikia wakicheka. Kalamu zangu zote wameninyang'anya. Naandika kwa penseli.

Jumapili

Homa imekwisha. Cindy amekula mahamri yake na yangu. Uvimbe umerudi nyuma, mbali na mstari. Mamako na Mueni wamekwenda kanisani pamoja, kama mapacha.

Lakini mstari wa Mercyline sasa umelegea mguuni kama shati la kuazima. Haipendezi. Mtoto wa fundi!

Nimechukua chaki, nikaubana kidogo tu. Cindy ameapa hatasema.

Mamako huongea nawe akisali, najua. Akikuuliza, hukuona kitu. Ila mimi unikumbuke.