Hodi Isiyo na Waya

Jumatatu, 3 Juni

Nimeamka salama. Viungo vyote vinanitii isipokuwa goti la kushoto, ambalo halijawahi kumtii mtu. Nashukuru.

Mke wangu ameletewa ujumbe na chuo. Mtihani wake wa mwisho ni Jumamosi alasiri, kwa simu ya video, mbele ya watahini wawili. Atashona na kupachika kola ya shati huku wakimtazama na kumhoji. Akifaulu anapata cheti cha ualimu wa ushonaji, na kituo cha ufundi kinamngoja aanze kazi. Mtandao ukikatika mara mbili, mtihani unafutwa, arudie mwaka ujao. Mwanamke huyu ameshona tangu akiwa msichana. Amesomesha wadogo zake wote kwa cherehani ile ile, na hana hata karatasi moja ya shule yenye jina lake. Sasa imebaki kola moja.

Tatizo ni hili. Nafafanua. Ruta iko sebuleni, mbele. Cherehani iko chumba cha uani, nyuma, nayo ni ya chuma na miguu yake, haibebeki. Katikati kuna ukuta wa mawe. Mawimbi ya mtandao yana tabia zake: dirishani hupita, kwenye mbao hujikongoja, kwenye jiwe huishiwa nguvu kabisa. Kule uani simu haishiki kitu.

Shemeji, mdogo wa mke wangu, fundi umeme, amesema kazi ndogo hiyo. Atoboe ukuta, apitishe waya. Nimemjibu kwamba ukuta huu niliusimamia mwenyewe ukijengwa, na hautobolewi nikiwa hai. Akasema basi atasubiri. Mke wangu alicheka mpaka akakaa. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Jumanne, 4 Juni

Ushindi! Nimenunua kidude. Kadogo, kanatosha kwenye kiganja, ungekadhania kiberiti. Hudaka mtandao wa ruta na kuurusha mbele zaidi, kama mtu aliyesimama katikati ya uwanja akirudia kwa sauti maneno ya msemaji ili walio nyuma wasikie. Muuzaji alitaka kunieleza. Nikamwahi, nikamweleza mimi. Alinishukuru mara kadhaa, huku akinisindikiza mpaka nje na kufunga mlango.

Mchana nimetafuta mahali pa kukiweka. Juu ya kabati: hakuna kitu. Ndani ya sufuria kubwa, kwa nadharia kwamba itakusanya mawimbi kama dishi: balaa. Chuma huyafungia ndani. Mke wangu akauliza sufuria yake iko wapi, anataka kubandika maji. Nusura kidude kipikwe! Hatimaye dirisha la korido, lile la kona, linaloona uani upande huu na barabara upande ule. Simu ikashika mpaka kwenye cherehani. Picha safi kama ya arusi. Mke wangu amenipa mkono kama mgeni rasmi. Namshukuru Mungu kwa kuwapa wanadamu akili ya madirisha.

Jumatano, 5 Juni

Kidude kinaomba jina na neno la siri. Jina ndilo kila simu iliyo jirani huliona. Neno la siri ndilo ufunguo. Nimetafakari asubuhi nzima. Mtandao huu unafika chumbani kwa mtu na kuomba kuingia. Sasa uitwe nani? "Hodi"! Na hapo hapo neno la siri likaja lenyewe, bila kuitwa: "karibu".

Kidude kikakataa. Kinataka herufi nane. Mtu mwingine angebabaika na kujaza tarakimu. Mimi nimefundisha lugha maisha yangu yote. Nikaongeza kiambishi cha wingi: "karibuni". Nane kamili! Watu huuliza sarufi ina faida gani.

Shemeji alipita jioni. Nilimtajia jina, nikamwambia neno la siri asiote kulipata. Akatazama simu yake kidogo, akatabasamu, akasema wala hana haja nalo. Wivu huo.

Alhamisi, 6 Juni

Mtaa umebadilika. Nashukuru sana, nashukuru kuliko ninavyoweza kuandika.

Kinyozi, ambaye kibanda chake kimeegemea ukuta wetu na ambaye siku zote hunisalimu kwa nyusi tu, leo amesimama kabisa. "Mwalimu, Mungu akuzidishie! Usituchoke!" Nikamjibu siwezi kumchoka, yeye ni jirani. Wateja wake wameongezeka. Wengine wameshanyolewa na hawaondoki. Wengine ni vipara toka zamani. Nikipita, wote wameinamisha vichwa kwa unyenyekevu, mikono imekutanishwa mbele ya kifua. Fundi viatu amehamisha sanduku lake kutoka kona ya mbali mpaka chini ya dirisha letu. Nilipomuuliza sababu, akasema hapa pana neema.

Nimekaa nao mchana mzima nikawaeleza asili ya neno "kinyozi". Hakuna aliyeondoka! Darasani sikupata kamwe usikivu wa namna hiyo.

Ijumaa, 7 Juni

Nimerudi kutoka matembezini nikakuta korido ni bwawa. Shemeji aliingia nikiwa sipo, kwa ruhusa ya dada yake, akatoboa ukuta wangu na kukutana na bomba. Nimemkuta ameziba tundu kwa kidole gumba, maji yanamtiririka mpaka kwenye kwapa. Akaniambia nikimbie kumwita fundi bomba. Nikamweleza kwanza habari za msukumo wa maji. Alisikiliza mpaka mwisho, maana hakuwa na pa kwenda.

Kidude salama, kiko juu. Nashukuru.

Nimemuuliza mke wangu kwa nini alitoa ruhusa. Akasema, kwa upole, kwamba ananiamini mimi, ila asichokiamini ni kidude. Jana jioni alikuwa akijizoeza na mwalimu wake, picha ikasuasua, mwalimu akaganda na mdomo wazi. Nikamwambia ni hali ya hewa. Nikamwona akitia uzi kwenye sindano, na uzi ukakosa tundu, ukakosa tena. Mikono ile sijawahi kuiona ikikosa. Akasema akishindwa mwaka huu hatarudia; kwa umri huu aibu mara moja inatosha.

Nimemwahidi kesho nitakilinda kidude kwa macho yangu mwenyewe.

Jumamosi, 8 Juni

Alasiri nilikaa kwenye korido, kiti changu kando ya dirisha, kama bawabu. Mlango wa chumba cha uani uko wazi, namwona mke wangu na nasikia kila kitu. Watahini walitokea: mwanamke mwenye miwani na mwanamume mwenye kikohozi. Salamu, maswali mawili mepesi, mkasi ukaanza kazi. Kisha kimya. Mke wangu akaita, "Mnanisikia? Jamani, mnanisikia?" kwa sauti ambayo sitaki kuisikia tena nikiwa duniani.

Walirudi. Mwenye miwani akasema pole, hiyo ni mara ya kwanza. Ikitokea tena hawana la kufanya.

Nikatoka mbio uani. Shemeji alikuwa huko, eti anapiga lipu tundu lake. Mwiko chini, simu mkononi, anatazama mpira. Kwa mtandao wangu! Nikamuuliza kwa kunong'ona kwa ukali neno la siri amelipata wapi. Akaniuliza, "Shemeji, mtu akibisha hodi, wewe unamjibuje?"

"Karibu," nikasema.

Akaendelea, huku akizima simu yake kwa aibu. Alijaribu karibu, ikagoma, akajaribu karibuni. Kinyozi naye vivyo hivyo. Fundi viatu vivyo hivyo. Mtaa mzima umo humo, na Jumamosi kwa kinyozi ndiyo siku ya kujaa. Nikanyoosha mkono nibadili neno la siri. Akaudaka: nikibadili, kidude kitajizima na kujiwasha upya, na mtihani utakuwa umekwisha.

Nikatoka barabarani. Vichwa vyote vimeinama, mikono imekutanishwa mbele ya kifua, na kila mtu ana simu mikononi. Ndipo nikaelewa unyenyekevu wao.

Nikaanza kuwaeleza. Nikasema mtandao ni kama bomba la maji, na kila afunguaye koki hupunguza msukumo kwa mwenzake. Nilikuwa nimefika kwenye kipenyo cha bomba kinyozi alipopaza sauti, mashine mkononi, mteja amenyolewa upande mmoja: "Mwalimu, kwa heshima zote, unataka tufanye nini?"

Nikasema, "Mama yuko kwenye mtihani. Zimeni."

Zikazimwa. Hakuna aliyeguna. Fundi viatu alipita akikagua, na aliyeficha simu mfukoni aliambiwa aitoe. Bwana mmoja kwenye benchi akasema mama huyo ndiye aliyemshonea suti ya arusi na mkewe akakubali palepale, kwa hiyo yeye atazima hata taa za barabarani. Kinyozi alizima mashine ya kunyolea pia. Mashine haihusiani na mtandao hata kidogo. Sikumsahihisha.

Pakawa kimya. Kupitia dirisha tukamsikia akieleza kwa nini kipande cha chini cha kola hukatwa kidogo kuliko cha juu: ili kola ijikunje yenyewe kwenda ndani, isisimame kama masikio ya punda. Sauti imetulia. Halafu cherehani ikaunguruma, ndefu, bila kusita. Barabarani hakuna aliyekohoa. Aliyekohoa ni mtahini.

Aliponyanyua shati na watahini wakasema vizuri sana, mtaa mzima ukapiga makofi. Mwenye miwani akauliza hao ni nani. Mke wangu akajibu ni majirani, wanangoja kunyolewa.

Jumapili, 9 Juni

Amefaulu! Ujumbe umefika asubuhi. Aliusoma amesimama, akakaa, akausoma tena. Jina lake lote limo, la kwake, la baba na la babu. Nimetokwa na machozi, nikasingizia vumbi la lipu.

Namshukuru Mungu. Namshukuru kinyozi, na fundi viatu, na mteja yule aliyengoja na nusu ya nywele bila kulalamika. Namshukuru hata Shemeji, ambaye amepiga lipu vizuri kuliko anavyotoboa.

Shemeji amenishauri nibadili jina na neno la siri, na safari hii nichanganye herufi na tarakimu zisizo na maana, mradi lisiwe jambo ambalo mtu hujibu. Ushauri mzuri, nimeupokea kwa moyo mmoja. Akataka kunisaidia. Nikamwambia hapana, kosa limeshaeleweka.

Nimetafakari baada ya chakula, na nimepata. Jina: "Shikamoo". Neno la siri: "marahaba".

Nafafanua ubora wake. Wanaojaa kwa kinyozi wengi wao ni vijana. Kijana huamkia, haamkiwi. Neno hilo hulisikia tu, halimtoki yeye mdomoni, kwa hiyo hawezi kulifikiria. Na lina herufi nane bila kuongezwa kiambishi chochote!

Shemeji ameniuliza jina jipya. Nimemtajia jina tu, basi. Ametazama simu yake, akanitazama mimi kwa muda mrefu, kisha akaniinamia kwa adabu ambayo sijawahi kuiona kwake. Akatoka uani, akaegemea ukuta, mabega yakimtikisika. Nadhani alikuwa analia kwa furaha ya dada yake.

Mtu mwema sana. Nashukuru.