Simu Saba Tayari kwa Osaka

Kwa heshima na taadhima, ninayo furaha kuutangazia umma kwamba simu saba za mji wa San Telesforo zilivuka mipaka ya taifa letu zikiwa tayari kwa asilimia mia moja. Haijapata kutokea katika mkoa wetu. Yaliyofuata hayabatilishi takwimu hiyo, na ninaomba wananchi waache kunicheka sokoni.

Mimi ni Nicanor Palmares, Mkurugenzi wa Ofisi ya Utayari wa Simu Safarini, kwa kifupi OUSISA. Ofisi hii ilizaliwa siku Mheshimiwa Meya Godofredo Villaluz alipotambua kuwa mtaa wa Pantalan umefurika maji kwa mwaka wa tatu mfululizo. Watu wa mtaa ule walikwenda kazini wameshika viatu mkononi. Shule yao ilifundisha ghorofani tu, madarasa sita yamebanana katika vyumba viwili. Kiongozi mwenye papara angetuma watu wakaangalie mfereji. Meya wetu alitafakari kwanza, akaamua kwamba yeye na madiwani sita waende Osaka, Japani, kwa siku nane, wakajionee mifereji ya wenzetu.

Mtu hawezi kwenda Osaka na simu isiyoandaliwa. Niliitisha semina elekezi ya siku tatu. Siku ya kwanza tulijadili simu ni nini na tukakubaliana kwa sehemu kubwa. Siku ya pili tuligusia kuzurura kwa laini nje ya nchi, jambo ambalo Diwani Eusebio alilipinga vikali kwa sababu za kimaadili, hadi nilipomweleza kuwa inayozurura ni laini, si yeye. Siku ya tatu tulifanya zoezi la kuweka simu katika hali ya ndege. Diwani Eusebio alijifunga kwenye kiti kwa mkanda wake wa suruali. Tulimpa alama za ziada.

Semina ilipofungwa kwa wimbo wa taifa, hakukuwa na simu hata moja iliyokuwa tayari, na wajumbe wanne walikuwa wamesahau nywila zao.

Hapo ndipo Meya alipoagiza simu zote zipelekwe kwa Mama Luming. Huyu ni mama wa makamo anayeuza vocha na keki za mchele kwenye kibanda kilichotazamana na ukumbi wa mji. Nyumba yake iko Pantalan. Wiki ile alikuwa ameliinua friji lake juu ya viti vinne, na mama mkwe wake alikuwa akiishi juu ya meza.

"Weka hapo, karibu na keki," aliniambia. "Zinaenda wapi hizi?"

"Osaka. Kikazi."

"Kuangalia mifereji?"

"Kufanya upembuzi yakinifu wa mifereji."

"Haya, baba. Wakipembua watuletee na sisi."

Alifungua laini za nje, akapakua ramani za kutumia bila mtandao, akaweka mtafsiri wa Kijapani anayesema kwa sauti, akahamisha picha zilizojaza nafasi, akafunga vichwa vya chaja vinavyoingia kwenye soketi za kule. Alitumia dakika thelathini na moja kwa simu zote saba. Ndiyo maana hatukumpa cheti. Kazi ya siku tatu ikiisha kwa dakika thelathini na moja, lazima kuna hatua zimerukwa.

"Kuna kingine kwenye hii karatasi yako ya maagizo?" aliuliza.

Kilikuwepo Kifungu cha Tisa, ambacho nilikiandika kwa mkono wangu: *Mahali alipo kila mjumbe patajulikana saa zote, kwa usalama wake, kwa uwazi na kwa ushirikishwaji wa wananchi.* Ule mwisho nauweka kwenye kila kifungu, kama vile wengine wanavyoweka chumvi. Katika miaka kumi na tisa ya utumishi wangu, hakuna aliyewahi kuufuata.

Mama Luming alisoma mara mbili. "Kwa uwazi," alisema polepole. "Sawa. Nitawashirikisha."

Jumatatu wajumbe walipaa. Jumanne asubuhi nilikuta watu wamejaa kwenye uwanja wa mpira wa kikapu wenye paa, pale tunapotazamia ndondi. Skrini kubwa, aliyoiunganisha Mama Luming, ilionyesha ramani ya Osaka, na juu yake vinukta saba vyekundu, kila kimoja na jina lake. Vilipoondoka hotelini watu walipiga makofi. Nilijivunia sana.

Vinukta vilikwenda moja kwa moja hadi kwenye bustani ya michezo na bembea.

"Bustani yoyote ina mifereji," niliwafafanulia wananchi.

Jumatano vilikaa kwa muda wa saa nne kwenye bafu la maji ya moto.

"Maji ni maji," nilisema.

"Na jioni vilikuwa kwenye duka la mabegi," alisema mvuvi mmoja. "Mifereji ya mabegi, Mkurugenzi?"

Alhamisi watu walikuja na viti vyao. Mtu mmoja alileta jiko, akawa anauza ndizi za kuchoma. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na Pantalan maji yalikuwa yamefika magotini. Saa nne asubuhi Meya alipiga simu ya picha, kama ilivyokuwa kwenye ratiba, ili kutoa taarifa ya maendeleo. Uso wake ulijaa nusu ya skrini. Nusu ya pili ilibaki ramani, na kinukta chake kilikuwa tena bustanini.

"Wananchi wenzangu!" alisema. "Ninasimama hapa kwenye mitambo mikuu ya kusukuma maji!"

Nyuma yake mayowe ya watu yalipita kutoka kushoto kwenda kulia, yakapanda juu, yakashuka.

"Hao ni akina nani, Mheshimiwa?" aliuliza Mama Luming, aliyeshika kipaza sauti.

"Wahandisi. Wanaipenda kazi yao."

"Mbona wako kichwa chini?"

"Wanakagua."

"Na huyo sungura mkubwa anayetupungia mkono?"

Meya aligeuka, akamtazama sungura kwa muda. "Huyo ni mkuu wa idara."

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Mwenye jiko aliacha ndizi zikaungua. Mama Luming alisubiri hadi watu wakapumua.

"Mheshimiwa, tunakuona kwenye ramani. Uko kwenye bembea. Mitambo ya maji iko kilomita mbili kutoka hapo ulipo. Toka geti la magharibi, shika kushoto."

"Nani anasema hivyo?"

"Sisi!" uliitikia uwanja mzima.

Angeweza kukata simu. Lakini wapiga kura elfu moja na mia mbili walikuwa wakimtazama, na uchaguzi ni mwezi wa tano. Alivaa kofia yake, akaanza kutembea.

Sijawahi kuona ushirikishwaji wa namna ile. "Kushoto! Kushoto! We Meya, mkono wenye saa!" Bibi mmoja alipanda juu ya kiti. Kinukta kilipoingia kwenye duka la viatu, watu elfu moja na mia mbili walipaza sauti, "Toka dukani!" Kikatoka. Nami nilijikuta nimesimama, napiga kelele kuliko wote. Nasisitiza kuwa nilikuwa kazini.

Baada ya nusu saa na zaidi alifika, jasho linamtiririka, kwenye lango la mitambo halisi. Mhandisi mmoja mzee, Bwana Morimoto, alikuwa nje anakula wali wake wa mchana. Meya alimwelekezea simu, na mtafsiri akaanza kazi.

"Tunataka mtambo kama huu," alisema Meya.

Mhandisi alijibu, na simu ikasema kwa sauti safi: "Kwanza niambie, mdomoni mwa mfereji wenu kumekwama nini?"

"Sijui."

"Hamjaangalia?"

"Tupo kwenye hatua ya upembuzi yakinifu."

Simu ilifikiri kidogo, ikasema kitu kwa Kijapani. Mhandisi aliuliza mchele gani tunaupembua.

Mama Luming alikuwa ameshaniachia kipaza sauti. Alivua ndara, akaingia Pantalan na wanaume kadhaa wenye kulabu za samaki, simu yake, iliyounganishwa na ya Meya, ikiwa juu ili Bwana Morimoto aone kila kitu. Walipapasa chini ya maji, mdomoni mwa mfereji. Kulabu ya kwanza ilinasa kitu kizito, wakavuta.

Lilikuwa turubai la mita nne. Juu yake uso wa Meya, unatabasamu, unadondosha tope: *Heri ya Krismasi Kutoka kwa Meya Wenu.* Wakavuta tena. *Hongera Wahitimu, Kutoka kwa Meya Wenu.* Wakavuta tena, na tena. Yalitoka mabango arobaini na moja, uso uleule, meno yaleyale, yote yaliyowahi kuning'inizwa mjini na kuangushwa na vimbunga vya miaka mitatu.

Bango la arobaini na moja lilipong'oka, mfereji ulikoroma. Maji yalizunguka, yakaanza kuondoka. Yalishuka chini ya magoti, chini ya vifundo. Mama mkwe wa Mama Luming alishusha mguu mmoja kutoka mezani, akagusa sakafu, akashusha wa pili. Watu walikumbatiana barabarani. Mama Luming alikaa chini kwenye tope, akacheka hadi akalia.

Kule Osaka, Bwana Morimoto alikuwa ameisogelea simu ya Meya. Aliuelekezea kidole ule uso wenye tope, akauliza jambo.

"Mtu huyu ni nani?" simu ilitafsiri.

Meya alivuta kofia yake chini, hadi kwenye nyusi.

"Simfahamu," alisema.

Simu ilitafsiri bila kosa. Bwana Morimoto aliitazama picha, akamtazama Meya, akaitazama picha tena. Kisha akainama kwa adabu, akasema maneno machache, na mtafsiri akayatoa kwa spika, mji mzima ukasikia:

"Mkimpata, mwambieni asirudi tena mferejini."